Tazama wa Kwanza

Chumba cha masjala kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, baada ya chumba cha kufulia na kabla ya ukuta. Aliyekijenga hakukusudia mtu akae humo. Alikusudia makaratasi yakae, na makaratasi hayavuti pumzi. Kulikuwa na rafu kumi na tisa, droo za chuma mia mbili na ushee, dirisha moja dogo la kuhudumia watu, na taa mbili ambazo moja ilikufa tangu enzi za mganga mkuu aliyepita. Katikati ya hayo yote, juu ya stuli yenye mguu uliofungwa waya, alikaa karani ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Kadi. Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili la utumishi, na faili hilo alilitunza yeye mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyelisoma.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, ishirini na minane kati ya hiyo akiwa mle ndani. Vumbi la kadi kuukuu lilikuwa limemwingia kifuani taratibu, kama mgeni anayesema amepita tu kusalimia. Kwanza kikohozi cha asubuhi, kisha cha asubuhi na jioni, kisha akaanza kulala ameegemea mito miwili. Daktari wa kifua, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alimsikiliza mgongo, akavua vifaa vyake masikioni, akasema, "Mama, wewe huna ugonjwa wa kumwambukiza mtu. Una mafaili. Ukikaa mle miaka mitatu mingine hutaweza kupanda ngazi."

Alimpa dawa ya kupulizia mdomoni, na barua ya kumpelekea Mganga Mkuu. Mganga Mkuu aliisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka husema ukweli kwa kuwa uongo una kazi nyingi. Alimwambia hakuna nafasi nyingine ya karani asiye na ujuzi mwingine. Ama masjala, ama nyumbani. Na nyumbani kulikuwa na mama yake mzee aliyeishi kwa mshahara huohuo wa masjala.

Basi ndiyo sababu aliposoma tangazo kwenye mlango wa maktaba, mafunzo ya kuandika programu za kompyuta, kila Jumamosi mchana, bila malipo, alisimama pale hadi mtu akamwomba apishe. Alimpigia simu dada yake pacha, aliyemtangulia kuzaliwa kwa dakika ishirini na akazitumia dakika hizo kumtawala maisha yake yote.

"Wewe?" dada mtu alisema. "Simu yenyewe unaishika kama kaa la moto."

"Nimekupa habari tu, sijakuomba ruhusa."

"Haya, nenda. Ukishindwa usiseme hukuambiwa."

Darasani walikuwa tisa, na mkubwa kuliko wote ukimtoa yeye alikuwa na miaka ishirini na sita. Mwalimu alikuwa akifundisha hesabu sekondari Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi alikuja kufundisha huku ameegemea ukuta, kana kwamba akiuacha utaanguka. Wiki za mwanzo zilikuwa mateso matupu. Mama Kadi alikaa mbele ya kompyuta kuukuu iliyonguruma, akaandika mistari arobaini kwa vidole viwili, na mashine ikaikataa yote kwa sababu ya nukta-mkato moja aliyoisahau. Alirudi nyumbani macho mekundu, kichwa kizito, akakaa kitandani na viatu vyake hadi mama yake akauliza kama kuna msiba.

Kisha ikaja Jumamosi ya klasi na objekti. Mwalimu alieleza kwa mfano wa ramani ya nyumba na nyumba yenyewe, vijana wakaitikia kwa vichwa kwa heshima bila kuelewa. Mama Kadi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, yaani ni kadi tupu na kadi iliyojazwa?"

Mwalimu alibanduka ukutani. "Endelea, mama."

"Sisi tunaletewa bunda la kadi tupu kutoka kwa mpiga chapa. Zote zina mistari ileile: jina, mama, makazi, tarehe. Hazina mtu. Mtu akija dirishani nachukua moja, najaza. Hapo ndipo anapatikana mtu. Ile tupu ni klasi, ile iliyojazwa ni objekti."

"Njoo ufundishe wewe," alisema mwalimu, "mimi nikalale."

Tangu siku hiyo alijua anasoma kitu anachokijua. Mwalimu aliposema data za ndani zisiguswe ovyo, kila anayetaka kitu apitie njia iliyowekwa, yeye aliona dirisha lake la masjala. Miaka ishirini na minane alikuwa amewafukuza madaktari waliotaka kuingia kupekua droo wenyewe. Njoo dirishani, sema unataka nini, utaletewa. Aliposema klasi moja hujengwa juu ya nyingine na kuongeza yake, aliona kadi ya mjamzito na kadi ya mtoto, juu zinafanana, chini kila moja na mistari yake. Vijana walianza kukaa karibu naye. Alifurahi, lakini hata furaha ilimchosha siku hizo, na mara nyingi alipofika kituo cha basi alikuwa amekwisha kuisahau.

Jumamosi moja kikohozi kilimtoa nje katikati ya somo. Alipotoka, mwalimu alikuwa ameandika ubaoni majina mawili yenye mshale kuelekea kisanduku kimoja, akisema, "Hapa hujatengeneza kitu cha pili. Umekipa kitu kilekile jina la pili." Aliporudi ubao ulikuwa umefutwa. Aliandika sentensi hiyo kwenye daftari ili amuulize maana yake, na hakuuliza. Wiki iliyofuata walikuwa na jambo jingine.

Mwaka wa pili waliingia kwenye kurasa za mtandao. Programu ikawa inakaa kwenye kompyuta moja, na mwenye kompyuta nyingine popote ndani ya jengo anaifungua kama anavyofungua ukurasa wa habari. Kila siku baada ya kazi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, kitambaa puani, Mama Kadi aliandika mfumo wa kliniki ya watoto kwenye kompyuta moja kuukuu iliyoletwa masjala. Ulikuwa na ukurasa wa kumwandikisha mtoto, ukurasa wa kuingiza uzito na chanjo, na kitufe cha kuchapa kipande cha karatasi cha mama kwenda nacho nyumbani. Haukuwa na urembo wowote. Rangi yake ilikuwa ileile ya kadi, kijivu chenye mistari ya bluu, kwa kuwa hakuijua rangi nyingine.

Sasa, masjala ilikuwa na mazoea yake, na moja lilihusu mapacha. Mapacha wakiandikishwa, wa kwanza alijaziwa kadi yote: mama nani, baba nani, wanaishi wapi, walizaliwaje. Wa pili aliandikwa jina tu, na chini yake maneno matatu: Tazama wa kwanza. Ya nini kurudia? Mama ni huyohuyo, nyumba ni ileile. Karani aliyemfundisha kazi alifanya hivyo, na aliyemfundisha huyo naye vivyo hivyo. Mama Kadi mwenyewe alikuwa na kadi ya namna hiyo kwenye droo ya chini ya rafu ya mwisho, maana alizaliwa hospitali hiyohiyo. Jina lake, na maneno matatu. Dada yake alipoambiwa alicheka hadi akakaa chini. "Basi ukitaka kujijua," alisema, "njoo unitazame mimi."

Mganga Mkuu aliutazama mfumo nusu saa nzima, akiingiza watoto wa kubuni na kuwafuta. Mwisho alivua miwani.

"Mwezi mmoja," alisema. "Kliniki ya watoto peke yake, na kadi tunaziweka kando kabisa, tusijidanganye. Ukitembea mwezi bila kasoro, kadi zote zinaingia humo, masjala tunaifunga, na wewe unakwenda chumba cha takwimu, ghorofa ya pili. Kina madirisha mawili."

"Nakijua," alisema Mama Kadi. Alikuwa amekwenda kukichungulia wiki iliyopita, akipumzika mara tatu kwenye ngazi.

Wiki tatu zilikwenda vizuri. Muuguzi wa kliniki, ambaye wote walimwita Mizani kwa kuwa hakutoka kwenye mizani tangu aajiriwe, alipima watoto themanini kwa asubuhi moja, akaandika, akachapa, akasema kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtu yeyote kwamba kazi imekuwa rahisi. Mama Kadi alihesabu siku. Zilibaki nne. Alikwisha kumwambia mama yake kuhusu madirisha mawili, jambo ambalo hakupaswa kufanya.

Siku hiyo akaja dirishani mwanamke kijana mwenye mapacha, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Alikuwa na vipande viwili vya karatasi vilivyochapwa.

"Mama, shikamoo. Nataka ile kadi ya zamani."

"Marahaba. Za zamani tumeziweka kando, mwanangu. Kwani hivyo vina nini?"

"Vinasema watoto wangu wanalingana. Kilo nane na nusu, huyu na huyu." Alimsogeza yule wa mkononi karibu na dirisha. Alikuwa mtoto mkimya, macho makubwa, shingo nyembamba. "Huyu ndiye wa pili. Mimi ndiye ninayewabeba, mama. Huyu nambeba kwa mkono mmoja na kupika napika. Yule wa mgongoni ananivunja kiuno. Nilimwambia muuguzi, akasema mashine haikosei."

"Unapowapeleka kwenye mizani, nani hutangulia?"

"Huyu. Halii. Yule ana kelele, namwacha mwisho."

Mama Kadi alimwambia akae kwenye benchi angojee. Alikwenda kwenye kompyuta, akafungua ukurasa wa mtoto wa pili, akaandika uzito wa uongo, kilo tatu. Kisha akafungua ukurasa wa mtoto wa kwanza. Ulisema kilo tatu. Akafuta, akaandika kumi kwa wa kwanza, akarudi kwa wa pili. Kumi.

Aliufungua mfumo wenyewe, mistari aliyoiandika kwa vidole vyake viwili, na hakuchukua muda kuupata. Pale ambapo mtoto wa pili alipaswa kupewa kadi yake mpya, yeye alikuwa amempa kadi ya wa kwanza. Hata maelezo ya pembeni alikuwa ameyaandika, kwa fahari ya mtu anayejua kazi yake: tazama wa kwanza. Majina mawili, kadi moja. Katika masjala haikudhuru mtu, kwa kuwa kadi ya masjala haikuwa na uzito. Uzito ulikaa kliniki, kwenye karatasi ya kila mtoto. Yeye alikuwa ameviweka vyote pamoja. Aliyepimwa wa mwisho alimfuta mwenzake, na wote wakishapimwa mashine ikachapa vipande viwili vinavyofanana bila aibu yoyote. Daftari lilikuwa mkobani. Hakuhitaji kulifungua.

Kurekebisha kulikuwa kazi ya dakika kumi. Alirekebisha, akajaribu, kila mtoto akawa na kadi yake. Kisha akatafuta mapacha wote waliopita kliniki kwa wiki tatu. Jozi saba. Watoto saba waliopimwa, wakaandikwa, na uzito wao ukafutwa siku ileile, na hakuna mtu duniani ambaye angejua ulikuwa kiasi gani. Wengine huenda walikuwa wazima kabisa. Wiki ijayo wangepimwa tena, kila kitu kingekaa sawa chenyewe, na siku nne zingekuwa zimepita.

Tusimpambe. Alilifikiria hilo, na alilifikiria kwa muda mrefu. Alifikiria madirisha mawili. Alifikiria ngazi, mito miwili, mama yake akiuliza lini unahamia huko juu. Alijiambia siku nne si kitu, angemshughulikia huyu mmoja kimyakimya kwa Mizani. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kuwa mwema kulionekana ni kazi nyingine anayoongezewa bila kuulizwa. Kisha akachungulia dirishani. Yule mtoto mkimya alikuwa amelala begani kwa mama yake, mdomo wazi, na mama alikuwa amemshika kwa mkono mmoja tu.

Alimchukua mwanamke huyo hadi kwa Mizani, mtoto akapimwa. Kilo sita na robo. Mizani alitazama mshale, akatazama karatasi, akakaa chini. Mtoto alipelekwa wodini mchana huohuo. Mama Kadi akapanda ngazi kwenda kwa Mganga Mkuu, akapumzika mara nne.

Alieleza yote akiwa amesimama, kwa kuwa akikaa angeshindwa kuinuka.

"Umekwisha rekebisha?"

"Nimekwisha."

"Na nani mwingine anajua?"

"Mizani anajua kuhusu mtoto mmoja. Hao sita wengine najua mimi."

Mganga Mkuu aligeuzageuza kalamu. "Zimebaki siku nne, Mama Kadi."

"Nazijua, Daktari. Nimezihesabu kuliko wewe. Naomba mama zao waitwe leo, watoto wapimwe upya."

"Nikiwaita lazima niandike kwa nini. Nikiandika kwa nini, waliopo juu yangu watausimamisha mfumo. Hawatauliza kama umerekebishwa. Unaelewa hilo?"

"Naelewa."

"Na kifua chako?"

Hilo hakulitegemea. Machozi yalimjia, akakasirika nayo. "Kifua changu kina miaka hamsini na miwili," alisema. "Hao wana miezi."

Mganga Mkuu alivuta karatasi, akaanza kuandika.

Jozi sita ziliitwa. Mtoto mmoja zaidi alionekana amepungua, naye akalazwa. Watano walikuwa wazima, wanene, wakipiga kelele. Mfumo ulisimamishwa Ijumaa, siku moja kabla ya mwezi kutimia. Barua ilisema mpaka hapo itakapoamuliwa vinginevyo, na aliyefanya kazi ya ofisi anajua maneno hayo yanaweza kuishi muda gani. Kadi zilirudi. Mama Kadi alirudi kwenye stuli yake, akakaza waya wa mguu, akafunga kitambaa puani.

Jumamosi alikwenda darasani kama kawaida, akamwonyesha mwalimu ule mstari. Mwalimu aliutazama, akaegemea ukuta.

"Hili nilifundisha," alisema polepole.

"Ulifundisha. Nilikuwa nje nakohoa."

"Ungeniuliza, mama."

"Ningekuuliza," alikubali, na wote wawili wakatazama sakafu.

Dada yake alipopata habari alipiga simu tayari kusema alimwambia, ila hakusema. Alisikiliza, akavuta pumzi, akauliza, "Hivi hiyo kadi yako bado ipo mle?" Mama Kadi alisema ipo. "Ijaze," dada yake akasema. "Unaandika za watu wote." Mama Kadi akasema akipata nafasi, na hadi leo hajapata.

Kuna siku anajuta. Hizo si siku chache, na hakuna haja ya kumfichia. Vumbi likimzidi, akitoka nje kushika ukuta na kupuliza dawa, huinua macho kwenye ghorofa ya pili, yale madirisha mawili, moja limefunguliwa na pazia linapepea, na moyoni mwake husema siku nne, siku nne tu. Kisha hurudi ndani kwa sababu kuna watu dirishani.

Wiki ya tano tangu mfumo usimamishwe akaja yule mwanamke kijana. Yule wa pili alikuwa ametoka wodini, shingo imeanza kujaa, na sasa naye alikuwa amejifunza kulia. Walihitaji kadi mpya, zile za mashine zilikuwa hazitambuliki tena.

"Kilo ngapi leo?" aliuliza Mama Kadi.

"Saba na robo." Alimhamishia mtoto mkono wa pili. "Mama, eti na huyo aliyetengeneza ile mashine, walimfanya nini?"

Mama Kadi alikuwa ameshika kadi mbili tupu. Alizipanga moja pembeni ya nyingine juu ya meza.

"Ni mimi," alisema.

Mwanamke alimtazama. Alitazama kitambaa cha puani, taa iliyokufa, droo, stuli. Alitazama muda mrefu hadi mtu wa nyuma yake kwenye foleni akakohoa kumkumbusha.

"Basi andika vizuri," mwanamke alisema.

"Nitaandika. Anza na huyu wa pili. Anaitwa nani?"

Akaambiwa. Akaandika jina, jina la mama, la baba, makazi, namna alivyozaliwa, mstari mmoja mmoja hadi chini. Kisha akachukua kadi ya kwanza akaandika yote hayo tena, kwa mkono uleule, na katikati akasimama mara mbili kukohoa.